Mkono Wangu wa Kushoto na Maziwa ya Rael

Cherono wangu,

Mambo ya blanketi, sabuni na kufunga mlango wa hosteli hutayasikia kwangu. Baba yako amekuhutubia siku tatu mfululizo, shangazi yako akaongeza yake, na wewe umetingisha kichwa mpaka shingo ikachoka. Mimi nakuandikia juu ya jambo moja tu, lile ulilofanya leo mchana mbele ya watu, na lile ambalo mimi sikufanya.

Barua hii nimeianza mara mbili nikaichana. Ya kwanza ilikuwa ya kukukaripia. Ya pili nilikuwa najitetea. Hii ya tatu nitaimaliza hata ikiwa chungu, na asubuhi nitakupa mkononi uisome nikiwa zizini nakamua. Ukimaliza, gari la kukupeleka chuoni litakuwa bado halijafika, kwa hiyo utakuwa na nafasi ya kuamua unavyotaka.

Leo mchungaji alikuwa amemaliza kukuombea, watu wamekaa kwenye nyasi na vikombe vyao, kila mtu akisema, haya, sasa tutakuwa na daktari wetu wa mazoezi. Ndipo Rael akaja na kibuyu chake cha mursik, maziwa ya mgando. Wewe ni mtoto wa hapa, sina haja ya kukueleza maana ya maziwa hayo. Mtu anayetoka nyumbani kwa heshima hupewa, na aliyepewa hakatai. Hata kama ameshiba hugusisha midomo tu. Rael alikunyooshea kibuyu kwa mikono miwili, na wewe ukaiweka yako nyuma.

"Auntie, siwezi kunywa maziwa yako," ukasema. "Ni wewe uliharibu mkono ya mama."

  Rael alikiweka kibuyu chini polepole, akaniangalia mimi. Hakukuangalia wewe, aliniangalia mimi, na alikuwa ananingoja. Mimi nikaangalia ndani ya kikombe changu cha chai kana kwamba kuna mtu ameniandikia barua humo.

Sasa acha nikueleze alikuwa ananingojea niseme nini.

Rael na mimi tuliolewa mwaka mmoja, nyumba zikitazamana kuvuka mto. Mimi niliolewa mbali na kwetu, sikuwa na dada hapa, na yeye akawa dada. Ulipozaliwa kabla ya wakati, njia zote zikiwa matope, ni yeye aliyekupokea kwa leso yake. Nakwambia haya ili ujue ukubwa wa kile kilichovunjika baadaye. Mtu wa mbali hawezi kukusaliti, anaweza kukukosea tu. Kusaliti ni kazi ya mtu wa karibu.

Tulikuwa wanawake saba wa kuchumiana majani. Leo tuko kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa mwingine, kwa sababu chai haingoji. Ukipitisha siku nane au tisa majani yanakomaa, karani pale kituo cha kupimia anayamwaga chini na kukuangalia kama mwizi. Aliyeugua alichumiwa na wenzake bila neno. Lakini aliyejifanya mgonjwa alitolewa. Sheria zetu hazikuandikwa, ila kila mtu alizijua.

Ulikuwa darasa la tano nilipoanguka. Kulinyesha usiku kucha, na lile gogo tunalovukia mto lilikuwa linateleza. Nilikuwa na kikapu kimejaa mgongoni, nikaenda chini na kikapu changu, nikaangukia bega la kushoto. Hospitalini picha ikaonyesha mfupa ni mzima. Wakanifunga mkono kwa kitambaa shingoni, wakaniambia wiki tatu. Mimi nikakaa nacho wiki sita. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza na ni la woga tu. Bega likiguswa liliuma, kwa hiyo nikaona dawa ni lisiguswe.

Nilipokifungua nikarudi chai, na ajabu, niliweza kuchuma. Polepole, lakini niliweza. Nikajiambia nimepona. Kumbe siwezi kuchana nywele, siwezi kuanika nguo kwenye kamba, siwezi kushusha sufuria kutoka kwenye rafu. Ni wewe uliyekuwa unanivika sweta, unakumbuka? Ulikuwa unanicheka, unasema mama amekuwa beibi.

Ndipo nikatumwa kwa Mwangi, fisio, yule daktari wa mazoezi ya viungo. Kijana wa kutoka upande wa Murang'a, mrefu, mikono yake ya moto. Aliniwekea mfuko wa joto kwenye bega, siku nyingine ile mashine ya umeme inayotembeza siafu chini ya ngozi, kisha akanionyesha mazoezi ya kufanya nyumbani. Kuinama na kuuachia mkono uning'inie na kuuzungusha. Kupandisha vidole ukutani kidogo kidogo. Niliporudi baada ya wiki mbili akapima, akakunja uso.

"Mama, ile mazoezi nilikuonyesha unafanya?"

"Nafanya. Kutoka saa moja asubuhi mpaka saa tisa."

"Mazoezi gani hiyo ya saa nane?"

"Ya majani. Si mkono unatembea siku mzima?"

Alicheka mpaka akaketi. Halafu akasimama pembeni yangu, akaniambia nijifanye nachuma. Nikachuma hewa. Akaushika mkono wangu pale ulipokuwa, usawa wa kifua.

"Umeona? Meza ya chai, pale juu mnachuma, iko hapa. Mkono yako imejua hapa peke yake. Juu ya hapa ni kama hakuna dunia. Hiyo ni kazi, mama, si mazoezi."

Hilo lilikuwa kosa la pili, na ukiwa fisio utalikuta kwa kila mwanamke wa huku. Tunadhani mwili unaofanya kazi ni mwili uliopona. Ukimwambia mchuma majani afanye mazoezi atakuona unamtania, kwa hiyo usimwambie, msimamishe achume hewa.

Mwangi akasema niache kuchuma kwanza mpaka bega lifunguke, na kwamba nahitaji mtu wa kunisaidia nyumbani. Nilale chali, mtu huyo anishike kiwiko na kifundo, auinue mkono kuelekea kichwani mpaka pale panapouma lakini panavumilika, ashikilie hapo, ahesabu thelathini, ashushe. Baba yako alikuwa bado anafanya kazi Nakuru. Nikaenda na Rael, naye akafundishwa. Kila siku baada ya kukamua jioni alivuka mto akaja. Tulichora alama za makaa kwenye ukuta wa jikoni, tukaona vidole vikipanda. Kitandani alinihesabia mimi nikiuma leso kwa meno. Nililia mbele yake kama sijawahi kulia mbele ya baba yako. Na kati ya kuinua na kushusha nilimwambia mambo ya ndani ambayo hata wewe sitakuandikia. Mtu anayekushika mahali panapouma unamfungulia kila kitu. Wewe watu watakufungulia hivyo kila siku. Ogopa hilo kidogo.

Ikaja mvua ya Aprili, majani yakajaa kila shamba, wanawake wakachoka. Miezi miwili walikuwa wananichumia. Nilisikia minong'ono sikuijali, nilikuwa na Rael. Jumapili moja tukaitwa nyumbani kwa mwenyekiti wetu, wote saba. Mwenyekiti hakuzunguka.

"Rael, wewe ndio huwa unanyoosha huyu mama. Mkono inapanda ama haipandi?"

Rael alikuwa anachuna nyasi kwa vidole. Hakuniangalia.

"Inapanda," akasema. "Mimi mwenyewe nimeinua mpaka ikagusa mto ya kitanda."

Na ni kweli, Cherono. Hilo ndilo lililoniua. Hakusema uongo hata neno moja. Aliuinua ukagusa mto. Ila hakusema kwamba aliyeuinua ni yeye na si mimi, na kwamba akiuachia unaanguka, na kwamba nililoanisha leso kwa machozi. Utafundishwa chuoni kwamba mkono unaoinuliwa na mtu na mkono unaojiinua ni mambo mawili. Rael alifundishwa hilo na Mwangi nikiwa nimeketi hapo. Alilijua. Akasema nusu moja akaimeza nyingine.

"Basi inua tuone," mwenyekiti akaniambia.

Nikainua. Ukafika kifuani ukakwama. Nikasukuma mpaka jasho likanitoka. Mmoja akacheka, akasema, "Ona vile anaushikilia usipande." Nikamtazama Rael aseme ile nusu ya pili. Alikuwa bado anachuna nyasi. Nikatolewa siku hiyo hiyo, na kwa sababu nilitolewa kwa kuitwa mdanganyifu, hakuna kundi lingine lililonitaka.

Kwa nini alifanya hivyo? Mpaka leo sijui. Pengine alichoka kuvuka mto. Pengine aliogopa akinitetea wataona anashiriki. Nimeyageuza hayo miaka yote na sijapata jibu la kunituliza. Usidhani nimekuwa mtakatifu kwa sababu wewe unaondoka. Nikimwona akija njiani bado nashika njia nyingine. Sijamsamehe.

Yote hayo unayajua. Nimekusimulia mara nyingi, na majani yalipokomaa ulikosa shule siku mbili kila wiki ukachume na vidole vyako vidogo, ukarudi na kucha nyeusi, ukashuka nafasi darasani. Una haki ya hasira yako. Lakini kila uliponiuliza habari ya mkono, nilianzia kwenye mkutano na kuishia kwenye mkutano. Hadithi yangu haikuwahi kufika wiki iliyofuata.

Wiki iliyofuata nilichukua kitambaa chenye maji nikafuta alama zote za makaa ukutani. Nikasema, wamesema unapanda, basi usipande kabisa, tuone nani mwongo. Nikaacha mazoezi, yote. Sikuzuiwa na mtu, na nguvu nilikuwa nazo, na ukuta ulikuwa pale pale. Niliuacha mkono wangu ukauke ili uwe shahidi wangu. Mwangi alipiga simu mara mbili sikuipokea. Kanisani, watu wakiambiwa wainue mikono, niliinua wa kulia, wa kushoto nikaubana ubavuni makusudi, na nikahakikisha nimekaa pale Rael anaponiona. Naambiwa nimsifu Mungu, mimi namshtaki Rael.

Baba yako aliporudi kwa likizo akaniuliza, "Mama Cherono, unamkomoa nani na bega yako?" Nikaacha kumpa chakula cha jioni. Nilikasirika kwa sababu alikuwa ameona.

Na kuna jambo hata baba yako halijui. Rael alirudi. Siku kama kumi baada ya mkutano alivuka mto saa yetu ile ile ya jioni, akasimama nje ya mlango wa jikoni. Wewe ulikuwa umetumwa dukani.

"Mama Cherono, fungua. Tufanye mazoezi. Utanichukia baadaye."

Nikamjibu nikiwa ndani, "Mkono si inapanda? Si ni wewe ulisema?"

Akasimama. Akaondoka. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu akarudi kukinyesha, akasema kwa sauti ya chini kwamba atakwenda kwa mwenyekiti aseme yote, ila nimfungulie kwanza, kwa sababu Mwangi alituonya bega likikaa wiki nyingi litashikana. Sikufungua. Nilikaa kwenye kile kigoda cha jikoni nikisikia mvua ikimpiga, na nikuambie ukweli, nilifurahi. Sijui kama alikwenda kwa mwenyekiti. Hakuna aliyekuja kwangu, na mimi sikuuliza, maana sikutaka kusikia kwamba nimesafishwa. Ningesafishwa ningelazimika kupona.

Baada ya mwaka na zaidi nilikwenda hospitalini peke yangu, nikamwambia baba yako nakwenda kuona mtu Sotik. Mwangi aliushika mkono, akaujaribu huku na huku, akauweka kwenye paja langu kwa upole. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

"Hii sasa imekaa sana, mama. Tutapata kidogo, lakini ile ya kwanza hatutapata. Kwani nini ilitokea?"

Nikamwambia nilikosa nauli. Akaandika. Yaani mpaka leo kwenye karatasi za hospitali mkono wangu uliharibiwa na nauli, na kwa watoto wangu uliharibiwa na Rael, na jina langu halipo popote.

Halafu wewe ukakua, ukaanza kusema utasomea fisio. Ulipopata nafasi ulilia, ukanishika hapa begani, ukasema, "Mama, naenda kusomea mkono yako." Nilijisikia malkia. Ningekwambia siku hiyo, na nilifungua mdomo. Lakini ulikuwa unaniangalia kama mtu aliyeonewa na dunia, na mimi nilikuwa nimezoea kuangaliwa hivyo. Ni kitu kitamu, mwanangu. Ukishaonewa kweli mara moja, watu wanaamini kila usemalo bila kulikagua, na wewe unaanza kuwauzia hata lisilo kweli.

Leo Rael aliponingoja kwenye nyasi, alikuwa na haki ya kusema yeye mwenyewe. Angesema tu, "Mtoto, nilikuja mara tatu." Hakusema. Amenitunzia siri mbele ya watu wote huku akitukanwa na mtoto aliyempokea kwa leso yake. Na mimi niliyejua yote nikanyamaza, nikaacha nusu ya habari isimame badala ya habari nzima. Miaka yote nimekuwa nikijiuliza mtu anawezaje kufanya vile. Leo nimejua. Unaangalia chini tu, basi, na muda unapita.

Kesho ukishaondoka nitavuka mto niende kwake. Sitamsamehe hapo mlangoni, sitaki nikudanganye tena. Nitamwambia nilimsikia siku zile tatu, kila neno. Alhamisi wanawake wakikusanyika kituoni kupima majani nitasema mbele yao pia, mwenyekiti akiwepo. Wewe sikutumi kwake. Ile aibu ya leo uliibeba kwa niaba yangu bila kujua, nami sitaki uibebe tena kwa kujua.

Nilitaka kukupa mashauri ya kazi yako, lakini ninayo moja tu. Siku moja mgonjwa ataacha kuja. Utaona jina lake kwenye kitabu na nafasi tupu mbele yake, na wenzako watasema ni mvivu, au atasema mwenyewe ni nauli. Muulize nani amemkasirisha. Muulize taratibu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, kisha nyamaza ungoje. Mwangi alikuwa mzuri sana, lakini hakujua kwamba mtu anaweza kuuchukia mkono wake mwenyewe kwa sababu ya mtu mwingine. Wewe utajua, kwa sababu mama yako alifanya hivyo.

Sasa lile ninaloliogopa, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kusema. Ulichagua kazi hii kwa sababu ya uovu aliofanyiwa mama yako, na nimekuondolea nusu ya uovu huo, nusu kubwa. Najua damu yako, ni yangu. Najua utakaaje hapo kitandani na karatasi hizi magotini, na utafikiria nini. Utataka kunionyesha. Utataka kushusha sanduku, kukaa nyumbani mwaka huu, kukaa kimya mezani, ili kila siku nikikuona nijue nilichokufanyia. Nami nitajua, hakika, utashinda, na mwaka utakuwa umekwenda.

Umesalitiwa, Cherono, na mtu uliyekuwa unamvika sweta. Pole. Inauma pale pale ilipokuwa inaniuma mimi, siwezi kukudanganya kwamba itaisha haraka. Nikasirikie. Nikasirikie njia yote, usinipigie simu mwezi mzima ukitaka, ukifika usiniambie umefika, nitauliza kwa baba yako. Lakini gari likija, panda.

Mama yako